Gari Isiyomukimbiza Asha

Jumanne, 12 ya mwezi wa kumi. Vita.
Tumerudi toka porini. Mara ya tatu juma hili. Moteri ya gari ya askari ikilia tu barabarani, kila muntu anakamata fungo lake, mbio. Asha, muke wangu, njo wa kwanza. Fungo lake liko nyuma ya mulango: vitenge viwili na chumvi. Esansi ya kutia ndani ya gari hakuna. Nimeitoa gari yangu magurudumu, nikaificha nyuma ya nyumba wasiichukue. Nasikia uchungu.

Jumatatu, 3 ya mwezi wa sita. Sasa niko muzee.
Nimekuta daftari hili sandukuni. Kurasa nyingi ziko wazi, basi naendelea humu humu. Kuku walitaga ndani ya gari miaka yote. Leo binti yangu Mwamini, fundi wa umeme wa jua, ameing'oa moteri ya esansi. Anataka kuweka ya umeme. Nimegombana naye. Tena sana.

Alhamisi, 6.
Moteri yenyewe ya umeme imetoka ku mashine mbovu ya kuinulia mizigo. Kipande cha kuiunganisha na gari hakipatikani Kindu. Mwamini amekichonga mwenyewe. Vinne alitupa. Cha tano kikaingia sawasawa! Yarabi, mikono gani ile. Sikumusifu. Kiburi changu.

Jumapili, 9.
Magurudumu tumeyarudisha, batri zimejaa. Gari imetembea uani, kimya. Kuku mumoja nusura tumukanyage, hakusikia kitu. Mutoto huyu ananishinda akili. Lakini gari bila sauti ni gari gani?
Dada ya Asha kule Kailo ni mugonjwa, anamuita. Kwa miguu Asha hawezi tena, nyonga inauma. Pikipiki hataki. Gari hataki. Toka vita hajapanda gari hata moja. Nimechoka na visingizio vyake: mara vumbi, mara kichefuchefu.

Jumatano, 12.
Aibu. Mwamini alipoenda sokoni, nilifunga jenereta ndogo nyuma ya gari ili ingurume kama zamani. Nilitaka kumufurahisha Asha. Nikaiwasha mulangoni. Asha akatoka mbio na fungo lake lile la vita mukononi, na nyonga ile ile, mupaka ndani ya migomba. Mwamini, akitoka sokoni, njo alimurudisha.
«Baba, kumbe hukujua? Ni sauti njo inamuogopesha. Ulizani umeme nilichagua kwa nini?»
Kitanda kimoja miaka yote hii, na sikujua. Niko mujinga. Jenereta nimeitoa.

Alhamisi, 13.
Nimemuambia Mwamini yeye ni fundi kunipita. Akacheka. Akaniagiza niende kuchota maji.

Ijumaa, 14.
Sala ilipokwisha, Asha amepanda gari, tumeenda Kailo. Asha aliuliza kama tumeshaondoka. Tulikuwa tumepita soko. Wenye baiskeli hawatusikii, basi yeye alitoa kichwa dirishani: «Eh, pembeni, baba!» Njia yote. Dada yake alimushika mikono, hakutaka kuiacha.
Tumerudi. Kitenge kimoja cha fungo amemuachia dada yake. Kingine amekivaa. Chumvi imeingia ku mboga ya leo. Nyuma ya mulango iko fagio tu.