Omer Alikuwa Bado Chini

Kolwezi, Kasulo
Tarehe 21 Februari 2023

Mpendwa yaya Kisimba, kaka yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Uko mzima? Lile goti lako linalovimba wakati wa mvua linaendeleaje? Na wifi yangu Mama Gloire, mgongo wake umetulia? Tulisikia kwamba mvua ya huko Dilolo imeozesha mihogo ya watu wengi. Natumaini shamba lenu limepona. Tunawataja katika maombi kila asubuhi, hata siku hizi ambapo maombi yananikaukia mdomoni kabla hayajatoka.

Mimi na watoto miili yetu ni mizima. Mignonne amekuwa mrefu, sasa ananifika begani. Mechack anakohoa kidogo, lakini chakula kikipatikana anakula vizuri.

Stany, bwana yangu, yuko hospitalini. Nilikupigia simu mara nyingi, haikupatikana, na tena haya si mambo ya kusema kwa sauti barabarani watu wakipita. Jirani yetu Mama Mwamini anakuja huko mpakani kutafuta biashara, nimemwomba akupe barua hii mkononi. Tafadhali keti ndipo uisome.

Unajua kwamba Stany alipoteza kazi yake ya kuendesha lori. Alizunguka kwenye milango ya makampuni mpaka viatu vikaisha. Hapa Kasulo kila kiwanja kina shimo, yaya. Watu wanachimba kobalti chini ya jikoni, chini ya vitanda. Sisi tulikuwa tumekataa. Lakini njaa ilipozidi, Stany alichimba nyuma ya choo, akakuta lile jiwe jeusi. Alikaa amelishika muda mrefu, kisha akasema Mungu amejibu.

Alimwita Omer, tenori wa kwaya yetu. Unamkumbuka, ndiye aliyeimba siku ya ubatizo wa Mechack, ukasema sauti yake inaweza kuita treni kutoka Kasaji. Walifuata jiwe hilo mpaka likawapeleka chini ya nyumba, nao wakafungua shimo katika saluni yetu, pale tunapokaribishia wageni. Kila asubuhi kabla ya kushuka walipiga magoti pale mdomoni mwa shimo, Omer akaimba ubeti mmoja, Stany akaomba. Hawakushuka hata mara moja siku ya Mungu. Wenzao waliwacheka. Nakwambia haya ili usifikiri kwamba tulimsahau Mungu ndipo yakatupata. Tuliomba, na yametupata.

Mvua kubwa ya mwezi wa kwanza ililainisha udongo. Walikuwa chini asubuhi moja, mimi niko nje naosha mawe na Mignonne, nikasikia kitu kama mtu anayeangusha gunia zito ndani ya nyumba. Halafu vumbi likatoka mlangoni. Wachimbaji wa viwanja vya jirani walikimbia, wakashuka na kamba. Walimtoa Stany. Jiwe lilikuwa limemvunja mguu wa kulia chini ya goti, mfupa unaonekana.

Omer alikuwa nyuma yake. Hawakumfikia. Walijaribu mpaka jioni, na kesho yake tena, lakini kila wakitoa udongo, mwingine unaanguka. Mwishowe mkubwa wao akanijia, amevua kofia.

“Mama, pale hakuna tena muntu muzima. Tukiendelea, tutakufa sisi bote.”

Sikuweza kuwalaumu. Nao wana watoto.

Mama yake Omer alikuja na mkeka wake, akakaa kwenye ukuta wa nyumba yetu, upande ule ambao mwanawe alikuwa chini yake. Hakupiga kelele. Kila asubuhi anakuja, jioni binti yake anamchukua. Nilikuwa nikisonga bukari nampelekea, anasema aksanti, anaiweka kando mpaka inakauka.

Hospitalini daktari aliniambia kwamba mguu wa Stany unaanza kuharibika, na kwamba kuna mtaalamu wa mifupa Lubumbashi anayeweza kuuokoa kama atafika upesi. Si kwa basi. Alihitaji gari ambalo angelala ndani yake, na mtu wa kulipa kila kitu kule. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani bila kujua njia niliyopita.

Hapo ndipo René akaja. Ni mdogo wake Stany, yule anayefanya biashara ya madini. Alikuja na patroni mmoja anayenunua mawe. Patroni huyo alishuka kidogo na taa, akapanda akiwa amefurahi. Alisema upande wa pili wa shimo, mbali na pale palipoanguka, kuna jiwe zuri sana. Watu wake wangeziba ule upande wa Omer kwa mifuko ya udongo, wachimbe upande wao. Nami nikikubali, gari lake lingempeleka Stany Lubumbashi siku ileile, na matibabu yote juu yake.

Yaya, nilitaka kukubali. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Kupitia dirishani nilikuwa nauona mgongo wa mama yake Omer. Amekaa.

Nikawaambia wamtoe Omer kwanza, azikwe, ndipo tuzungumze. Patroni akasema kazi hiyo ni ndefu na ya hatari, yeye hanunui maiti. Alikwenda kungoja ndani ya gari. René akabaki.

“Mama Mignonne, weye unapenda yaya yangu akatwe muguu juu ya muntu mwenye alishakufa?”

“Ile shimo iko na muntu, René. Mama yake eko hapo inje. Batapita na mifuko ya mawe pembeni yake kila siku, na sisi tukule ile bukari? Mungu anamuona Omer.”

“Mungu anamuona Stany pia,” akasema.

 

Aliniambia kwamba Stany mwenyewe amekubali, alikuwa amemuuliza kitandani. Nikasema Stany ana homa. Akasema nyumba ni ya kaka yake. Basi nikaingia saluni, nikaketi kwenye mdomo wa shimo, miguu inaning'inia ndani, nikamwambia atakayetaka kushuka anisukume. René alilia, yaya. Si mtu mbaya. Alilia kwa hasira, akaenda, na gari likaenda.

Nilikwenda kwa Pasta Séraphin nikitumaini ataniambia nimefanya vema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mama, mi naogopa kukujibu. Nikisema ulifanya muzuri, muguu yenye batakata haiko yangu.” Nilimheshimu kwa neno hilo, lakini nilirudi nyumbani na moyo mtupu kuliko nilivyokwenda.

Tata, baba yetu, alitufundisha kumweka Mungu mbele ya kila kitu, nasi tukakua tukidhani ni jambo la kuamka mapema kwa ajili ya maombi na kupeleka sadaka. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitamweka Mungu mbele, na atakayekuwa nyuma ni bwana yangu, analala na mguu unaonuka.

Nilimwomba Mungu gari. Nilimwomba kama mtoto anavyoomba maji. Nilisema, Bwana, nimelikataa lile gari kwa ajili yako, basi leta lingine. Nilisimama hata barabarani, yaya, nikitazama magari kana kwamba moja litasimama lenyewe. Hakuna lililosimama.

Waliokuja ni watu. Shafii, mume wa Mama Mwamini, alisikia habari. Wao ni Waislamu, unajua. Alikuja na vijana wake wanaopakia malori, na mbao nene za kushikilia udongo, na mashine ya kuvuta maji. Pasta Séraphin naye akaja na kwaya, akavua koti, akashika koleo. Hata wale wachimbaji waliokuwa wameogopa walirudi walipoziona mbao. Nilimwomba Shafii atupe lori limpeleke Stany. Akasema lori lake lilikuwa limekwama karibu na Dilolo tangu mvua ianze, gia imevunjika. Alisema hivyo akitazama chini, nami nikaamini.

Walichimba polepole, kwa zamu. Walimpata Omer amekaa, ameegemea ukuta, mkono juu ya uso. Shafii alipanda kwanza, akaenda mpaka kwenye mkeka, akachuchumaa mbele ya yule mama.

“Mama, mutoto yako tunamuleta.”

Hapo ndipo alipopiga kelele kwa mara ya kwanza. Watu wa Kasulo wote waliisikia.

Siku waliyomzika Omer ndiyo siku waliyomkata Stany mguu. Sikwenda makaburini. Nilikuwa nimekaa kwenye korido ya hospitali, na René amekaa upande wa pili, hatutazamani. Muuguzi alipotoka aliniita mimi, lakini René ndiye aliyesimama.

Stany alipozinduka alipapasa shuka pale palipokuwa na mguu. Alipapasa tena. Kisha akanitazama.

“Ulichagua mufu,” akasema. “Mi nilikuwa muzima.”

Akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hakunijibu neno. Chakula nikikileta anafunga mdomo, nikikiacha kwa René anakula kidogo. Watoto anawashika mikono, anamnyoa Mechack nywele kwa wembe akiwa amelala vilevile, lakini mimi nikikaribia anafumba macho. Naelewa. Mtu aliyeendesha malori miaka yote, sasa ataendesha nini? Usiniandikie kwamba Mungu ana makusudi yake. Tafadhali yaya, neno hilo nimeambiwa na wengi, na hakuna aliyeketi nami baada ya kulisema.

Jambo jingine. Sasa Omer ametoka, na yule patroni amerudi kumwambia René kwamba sababu yangu imekwisha. Bado analitaka shimo. Ukuta wa chumba cha watoto umepasuka tangu juu hadi chini, mkono wa Mechack unapita. Nimekataa. Watu wa ukoo wa Stany wanasema mimi ni mwanamke anayewaua kwa dini, na wameitisha kikao siku ya Mungu ijayo baada ya ibada ili waamue nyumba. Sina mtu wa upande wangu. Tata hayupo, mama hayupo. Ni wewe tu.

Kwa hiyo nakuomba uje. Usitume kitu, njoo mwenyewe. Njoo ukae kwenye kiti katikati yao useme kwamba dada yako ana kwao. Kama watachukua nyumba, basi niruhusu niwalete watoto huko, nami nitarudi kukaa na bwana yangu hata kama ni kulala chini ya kitanda cha hospitali. Sitamwacha. Anaweza kukaa bila kusema nami mpaka tuzeeke, sitamwacha.

Nimalizie kwa habari moja ambayo sijui niipe jina gani. Juzi niliingia wodini na sahani yangu, nikamkuta mama yake Omer amekaa kitandani kwa Stany. Alikuwa amekuja kwa miguu, kutoka kwenye kilio cha mwanawe, na bukari na sombe ya majani ya mihogo ndani ya sufuria ndogo. Alikuwa anamlisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, naye Stany anakula huku machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Nilirudi nyuma nikasimama kwenye korido mpaka akamaliza.

Leo asubuhi niliingia kumbadilishia shuka. Macho yake yalikuwa wazi. Nikamgeuza upande mmoja, nikamgeuza upande wa pili, kama kawaida hatusemi. Nilipokuwa nakunja lile chafu akauliza:

“Omer, balimuzika wapi?”

Nikamwambia ni kule juu, karibu na njia ya kwenda Kasaji, na kwamba kwaya yote iliimba ila tenori haikuwepo. Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama ni msamaha, yaya. Sijui kama ni mwanzo wa kitu chochote. Lakini ni kwangu aliuliza, René alikuwa amesimama palepale.

Mama Mwamini ananingoja mlangoni na mizigo yake, namalizia. Nisalimie Mama Gloire sana, na Gloire mwenyewe, mwambie Mignonne anamuuliza kila siku. Wasalimie wazee wa kanisa lenu, waambie waombe, lakini wewe usibaki kuomba nao. Panda chochote kinachokuja huku. Mungu alinde njia yako na miguu yako yote miwili, na akufikishe ungali na nguvu za kutubeba.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,

Mbuyu, Mama Mignonne