Sufuria Gerejini

Jumatatu, 24 Novemba

Zamu ya asubuhi, kisha dukani. Nimenunua bata mzinga. Bei ya kunitoa jasho, na humu ndani hakuna anayempenda. Kila mwaka namchoma, kila mwaka tunamla kwa adabu hadi Jumapili. Lakini ukishanunua nyumba huku Blaine, sikukuu ya shukrani huifanyi kwa ugali. Ndivyo ninavyojiambia.

Wageni mwaka huu ni Karen, Mmarekani, msimamizi wangu kazini, na mumewe. Pia Mama Furaha na bintiye, Wakongomani wanaokaa Hopkins, juzi tu wametoka kambi ya wakimbizi. Kanisani tuliombwa tuwaalike wageni wapya. Nikawa wa kwanza kuinua mkono. Watu waliona.

Jumatano, 26 Novemba

Wanjiru ana insha ya shule. Nimemuuliza binti yangu sikukuu hii ilianzaje. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida. Wageni walifika, wenye nchi wakawasaidia kwa chakula, baadaye wenye nchi hao wakanyang'anywa. Akauliza sisi ni akina nani hapo. Nikamwambia amenye viazi.

Meza tayari. Kitambaa cheupe, mishumaa. Nimepiga picha, nikamtumia dada yangu Thika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Najisikia mtu.

Alhamisi, 27 Novemba

Mkono mzito. Niandike tu.

Mume wangu Josphat alienda kuwachukua Hopkins. Mama Furaha akaingia na sufuria kubwa, imefungwa kwa kitenge. "Nimeleta sombe, mama. Iko na ndagala na mawese. Nilianza kutwanga jana." Ilikuwa bado ya moto. Harufu ya majani ya muhogo na samaki mkavu ikajaa sebule. Na gari la Karen hilo linaingia.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Nikapita nayo jikoni moja kwa moja hadi gerejini, nikaiweka sakafuni kando ya gunia la chumvi ya kuyeyushia barafu. Niliona haya kwa ajili ya mboga. Mimi niliyelelewa kwa kunde.

Karen alipoingia aliuliza ni nini kinanukia vizuri hivyo. Nikasema ni bata mzinga.

Hapa kabla ya kula kila mtu hutaja anachoshukuru. Zamu ya Mama Furaha ikafika. "Ninashukuru Mungu juu ya huyu mama. Ni nyumba ya kwanza huku kutuita." Wanjiru akatafsiri. Karen akafuta machozi. Mama Furaha akaitazama meza, sahani moja moja, akaitazama tena. Nikajitia kukata nyama.

Soda zikaisha. Nyingine ziko gerejini, maana msimu huu wa baridi gereji ndiyo friji yetu. Kabla sijainuka, Mama Furaha alishaenda kunisaidia. Akarudi na soda, na kitenge cha sufuria begani. Akaketi. Akammiminia Karen. Hakunitazama.

Kuondoka, aliibeba sufuria yake mwenyewe. "Naenda nayo, mama. Isiharibike." Nikamfungia bata mzinga kwenye bakuli langu la kioo. Akalipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 28 Novemba

Bata mzinga asubuhi, bata mzinga jioni.

Josphat anasema Mama Furaha aliipakata sufuria njia nzima. Akaniuliza kama nilisahau kuipakua. Nikasema nilisahau. Sasa namdanganya hata mume wangu.

Nina aibu. Sina neno lingine.

Jumapili, 30 Novemba

Baridi kali. Mama Furaha kanisalimia kanisani kama siku zote, mkono na tabasamu. Msamaha nilikuwa nimeupanga tangu nyumbani, sentensi kwa sentensi. Haukutoka. Akanikabidhi bakuli langu ndani ya mfuko. Zito, lina joto.

"Kwetu bakuli hairudi bure, mama."

Sombe. Kaitwanga upya.

Nimeiweka katikati ya meza, pale alipokaa bata mzinga. Nikasonga ugali. Tumekula kwa mkono. Wanjiru kaongeza mara mbili.

Bakuli nimeliosha, nimelikausha, nimelirudisha kabatini. Ni langu. Sina chombo chake hata kimoja cha kurudisha, kinipeleke Hopkins.