Usisahau Pumzi

3 Machi

Mpwa wangu,

Salamu tele. Mimi mzima, ila goti moja linalia kama mlango mbovu. Wewe hujambo? Na dada yangu huko wodini, nyonga imeanza kushika?

Umefanya vyema kuniuliza mimi habari za bafu jipya la ndani. Mafundi wa siku hizi wanajua kuziba tu. Mimi nililaza mabomba ya hoteli ndefu mpaka mtu akioga juu asubuhi, maji yake yanafika chini jioni. Meneja alilia nilipoondoka.

Sasa sikiliza. Mashine ya kufulia haimwagi maji, inatema kwa mkupuo. Ukiliunga bomba lake na la bafu, yawe mapana, yainame kidogo, yasilale kama mlevi. Na usikubali fundi afukie bila pumzi. Hilo ndilo kubwa. Mama yako aliteleza bafu la nje akavunjika. Akiteleza na hili la ndani, hatainuka tena. Nikilifikiria hilo chakula hakipiti.

Mjomba wako, Bingwa wa Mabomba

14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini goti limenyamaza. Sisi hatujambo. Mama wanamruhusu Jumamosi hii.

Kazi imekwisha. Fundi alitaka kufukia siku ileile, nikamkatalia: Mjomba kasema pumzi kwanza. Akashangaa, ila akaenda kwao kupumzika, akarudi kanenepa, ndipo akafukia. Nikamlipa na za mapumziko.

Ila kuna jambo. Mashine ikitema, tundu la bafuni linakoroma, halafu povu linapanda sakafuni. Fundi anasema litazoea. Je, litazoea?

Mpwa wako

18 Machi

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Nani kakwambia fundi ndiye apumue? Ni bomba! Bomba jembamba, linasimama kutoka kwenye hayo mengine hadi juu ya paa, mdomo wazi, livute hewa. Ndilo tunaloliita pumzi. Bila hilo maji yanakabana koo na kurudi bafuni.

Zima mashine. Dada asikanyage humo. Chimbueni. Ningepiga simu, ila simu yangu ilimezwa na tangi nilipokuwa nalikagua, na namba zenu zimezama nayo.

Mjomba wako

27 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Dada je? Jumamosi imepita na barua sijaiona. Karani wa posta sasa ananiona tu anatikisa kichwa kabla sijamsalimu.

Wenzangu kazini wameniomba niwasimulie ile ya hoteli. Nimeshindwa kuimaliza. Kila nikifika pale pa meneja kulia, namwona dada yangu chini kwenye povu. Niandikie hata neno moja. Hata la matusi.

Mjomba

30 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Naandika mwenyewe, mkono haukuvunjika. Barua zako mbili zimefika leo kwa pamoja, mwanangu amezisoma huku akijificha uso.

Jumamosi nilifika nimechoka, nanuka dawa, nataka kuoga tu. Binti alikuwa kawasha mashine afue shuka za wodini. Nikashika mlango wa bafu, mguu mmoja tayari hewani, nikasikia mtu anakoroma humo ndani. Si mkoromo wa mtu yeyote tu. Ule wako, wenye filimbi mwishoni, ulioninyima usingizi utoto mzima tulipolala chumba kimoja.

Nikarudisha mguu. Nikamwambia binti, “Siogi. Mjomba wako kalala humo.”

Alidhani dawa zimenipanda kichwani. Kabla hajanijibu, povu likajaa sakafu yote, pale pale nilipotaka kukanyaga.

Leo fundi amechimbua, kasimamisha hiyo pumzi yako hadi juu ya paa. Binti kaijaribu mashine, bafu kimya kabisa. Nimeoga nimekaa kitini, nikatega sikio, sikusikia kitu.

Kimya chenyewe kimenizidi. Chumba cha pili kina kitanda. Njoo ukorome mwenyewe.

Dada yako