Waya Chini ya Gunia

Emali,
4 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Nzioka,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo Kanini. Natumaini mko wazima, na kwamba mvua ile kidogo imewaachia mbuzi majani. Mimi siwezi kusema niko mzima bila kudanganya. Ugonjwa wa koo umenimaliza sauti. Naongea kwa kuandika kwenye daftari kama mtoto aliyekatazwa kupiga kelele darasani. Ndiyo maana sikupigii simu. Madaktari wamesema nirudi nyumbani nikapumzike. Nina miaka sabini na tisa, najua maana ya neno hilo.

Barua hii anakuletea Abukar, yule anayesafirisha mbuzi kwa lori kutoka kwenu hadi soko la Emali. Ni mtu mwaminifu. Mpe jibu arudi nalo.

Nina swali la fundi. Datsun yangu bado iko nyuma ya nyumba, ile ya milango miwili ya mwaka wa 1972, iliyokuwa ikipita wanafunzi wanakimbilia barabarani. Springi za nyuma zimechoka kabisa. Gari limekalia matako kama mbwa. Binti yangu Kathini amepata springi mpya Nairobi, na anataka tuzibadilishe hapa hapa nyumbani akiwa likizoni. Kazi yake ni uuguzi, lakini mikono yake aliirithi kwako. Tufundishe namna ya kuzibana bila ajali.

Kaka yako,
Kivuva


Tseikuru,
17 Februari 2024

Kwa kaka Mwalimu,

Barua imefika ikinuka mbuzi, lakini imefika. Kanini amelia aliposikia habari ya koo lako, halafu akapangusa macho akasema, "Mwalimu mkuu amenyamazishwa? Basi shule nzima ipumzike." Usikasirike, unamjua. Sisi ni wazima. Jua ni kali, mbuzi ni wakaidi, na goti langu moja limegoma.

Mwalimu, tangu 1996 sijashika spana. Hata baiskeli ya jirani nakataa. Lakini wewe ni kaka, kwa hivyo sikiliza, na Kathini asikilize.

Springi ikibanwa hukaa kimya. Usidhani imelala. Toeni kwanza ile nguzo inayoibeba, nzima, kutoka chini ya gari. Tumieni klampu mbili, zitazamane, moja huku na nyingine ng'ambo. Zikazwe kwa zamu, mizunguko michache hapa, michache pale. Funikeni gunia juu yake, ndipo mfungue nati ya mwisho. Asisimame mtu mbele ya ncha yake, hata kuku. Na msijaribu kamba wala waya.

Mimi siku moja tu sikukaza klampu vizuri, na Kanini aliyekuwa akituletea uji akapoteza jicho la kulia. Miaka ishirini na minane naamka nikiliona. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Uliniombea vizuri kanisani Jumapili ile. Sijasahau.

Mdogo wako,
Nzioka


Emali,
25 Februari 2024

Nzioka, mwana wa mama,

Nakusalimu, na naomba barua hii ikukute umeketi.

Sikuwa na haja ya kufundishwa springi. Nilikuwa natafuta mlango, nawe ukanifungulia kwa upole hata nikaona haya kuingia. Sasa naingia.

Siku ile ulikaza klampu zote mbili, na ulizikaza vizuri. Ukaenda kunawa mikono kwenye tangi. Ndipo Kyule akaja, yule wa gereji aliyetuazima klampu. Alikuwa anahamia Voi, pikapu imejaa vyombo, mkewe ameketi mbele na kuku mapajani. Akasema, "Mwalimu, nipe vitu vyangu niende." Ningeweza kumwambia angoje nusu saa. Lakini mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Nilikataa kumbembeleza mtu wa gereji mbele ya mkewe. Nikazungusha waya ya seng'enge kwenye springi mara nne, nikafungua klampu moja nikampa, nikamwambia nyingine nitaituma na basi. Nilipiga hesabu, Nzioka. Si nilikuwa nafundisha fizikia? Niliziandika kwa chaki pale sakafuni, na hesabu zikasema waya itashika. Kisha nikafunika gunia.

Ukarudi. Ukauliza, "Iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa, fungua nati."

Waya ikakatika. Wewe ulimkimbilia Kanini. Mimi niliokota waya nikaitia mfukoni. Shemeji yangu yuko chini, ameshika uso kwa mikono miwili, na mimi naokota waya. Halafu nikafuta chaki kwa kiatu.

Ulipoona klampu moja tu, ukasema, "Nyingine imeruka. Sikuikaza." Siku mbili uliitafuta katika mahindi yangu, nami nikaitafuta pamoja nawe. Nilipiga magoti. Nilifunua majani. Nilikuita nikasema hebu tujaribu upande wa ua. Kisha ukanunua mpya ili Kyule asikose chake, ukanipa nimtumie. Sikuituma, maana Kyule hakupoteza kitu. Iko kwenye sanduku chini ya kitanda changu.

Jumapili, kwa sauti hii ambayo Mungu ameichukua, nilisimama mbele ya kanisa nikamwomba akusamehe uzembe wako. Watu walilia. Nawe ulikuwa umepiga magoti. Mwezi haukuisha kabla hamjahamia Tseikuru.

Siandiki ili unisamehe upesi. Naandika kwa sababu jicho la Kanini liko juu yangu, halijawahi kuwa juu yako. Mwambie.

Kaka yako,
Kivuva


Emali,
31 Machi 2024

Ndugu yangu,

Hamjambo huko? Nauliza kwa mazoea, sistahili jibu.

Abukar amekuja mara nne mikono mitupu. Leo nilimwandikia kwenye daftari neno moja, "Barua?" Akaketi kando yangu. "Mzee wangu, ile ya mwisho nilimpa mkononi. Aliisoma amesimama katikati ya mbuzi. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine ameisoma. Nikasema hapana. Basi, akaondoka, mbuzi akawaacha pale pale."

Kathini amemaliza springi. Alifuata maneno yako yote, hata kuku aliwafungia. Gari limesimama vizuri. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa dirishani nikilitazama mpaka chai ikaganda utando, na sikuona ila mabati.

Siku hizi sili, nakunywa uji mwepesi. Kathini anadhani sisi tunaandikiana mambo ya gari, na ananicheka. Kama hutaki kuniandikia, usiniandikie. Lakini Kanini, umemwambia?

Kaka yako,
Kivuva


Tseikuru,
9 Aprili 2024

Kivuva,

Sisi ni wazima. Hali yako sikuulizi, Abukar ameniambia.

Sikumwambia. Karibu siku arobaini nilivaa barua yako ndani ya kofia. Mwanzo ilikuwa hasira. Nilikuwa fundi mzuri. Unasikia? Kutoka Malili hadi Kibwezi hakuna aliyenishinda, na nimezeeka nikijiita mzembe. Nilikuwa nikiwaza maneno ya kukuandikia, nikiyapata, nayatupa.

Halafu ikawa woga. Miaka hii yote nimemtunza Kanini kama mtu anayelipa. Niliogopa akijua, ataniuliza kama kulikuwa na kitu kingine zaidi ya deni.

Jana nikamsomea. Alikuwa anachagua mawe kwenye ndengu, na hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa mahindi." Nikarudia.

"Alitafuta pamoja na wewe? Kwa magoti?"

"Ndiyo."

"Aiya! Mwalimu huyu." Akaweka ungo chini. "Na wewe, Nzioka. Ulikuwa unanipenda ama ulikuwa unanihurumia?"

Nikasema sijui.

"Basi anza kujua. Mimi si kijana."

Leo asubuhi amesema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, nami nikamwambia apike yake. Tumegombana hadi jirani akachungulia. Tangu 1996 hatujawahi kugombana, Kivuva. Sikuthubutu.

Neno lake kwako ni kwamba ulinishtaki mimi mumewe kwa Mungu kwa sauti mbele ya watu, kwa hivyo usiungame kwa siri. Jumapili hii Kathini ataisoma kanisani barua yako ya tarehe 25, yote, hata pale pa waya mfukoni, nawe umeketi mbele. Tunakuja nayo. Mwambie Kathini mapema, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Asiyajue akiwa amesimama mbele ya watu.

Barua hii inatangulia na basi; Abukar anatoka baada ya Idi, tutafika naye Jumamosi. Msitupikie kitu. Usininyooshee mikono mlangoni. Sijakusamehe, na sitajifanya nimekusamehe kwa sababu unakufa.

Kanini anasema ataketi kulia kwako, jicho lake zima likuelekee. Anataka kukutazama usoni barua ikisomwa. Usife kabla ya Jumapili.

Bado mdogo wako,
Nzioka