Spika Inayotazama Barabarani

Selina wee, acha unachofanya. Yule bwana wa ada za muziki kaingia saluni sasa hivi!

Na spika nimeielekeza barabarani kama kawaida yangu, Mirongo yote idhani humu kumejaa.

Nikawaka. Nyimbo nimenunua mwenyewe, halafu nilipie tena kuzipiga? Haki iko wapi?

Akasema, "Ukisikiliza peke yako hulipi, mama. Unalipa ukiwapigia wateja."

Ndipo akatazama viti. Vyote, Selina. Hata chako, ambacho tangu uhamie Nansio bado nakitandikia taulo.

Akafunga begi. "Basi wewe hudaiwi."

HUDAIWI! Akanipa pole, akatoka taratibu kama mtu anayetoka msibani.

Haki ya Mungu, ningelipa.