Ndege Isipopaa

Mkunazini, Unguja
14 Mei 1971

Mwanangu Simai,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Mwanza, na kifua kimepona? Mimi mzima, ila macho, na hayo ni ya kushona kofia kwa taa ndogo, si ugonjwa wa kukutia wasiwasi.

Picha yako ya sare imenifika. Imezunguka mtaa mzima kabla mwenyewe sijaitazama vizuri. Jirani yetu Bi Tabia kaishika akasema, "Huyu si yule alokuwa akilia akipandishwa pembea?" Nikamwambia ndiye, mimi nilomlea najua, na leo anapandisha watu yeye. Mzee Gharib seremala aliitazama, akanirudishia. Kasema bintiye Shemsa ni wako kama tulivyokubaliana, arusi iwe mkataba wako na kampuni ukimalizika, lakini anataka kuona kazi ya kutunza mke, si picha. Hana maneno matamu mzee huyo, unamjua.

Nasikia huko ziwani kuna dhoruba. Nimemwomba Maalim Mabrouk asome kila Alkhamisi, ndege yako isipae mvua ikinyesha. Je, unaona dua inapokewa?

Shangazi yako,
Mwamvua


Mwanza
3 Juni 1971

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai macho yamepata nafuu. Kifua changu kimepona, alhamdulillahi.

Dua imepokewa, tena imepokewa mno. Mwezi wa Mei karibu wote tumekaa chini, na mimi nalipwa kwa saa ninazokuwa juu. Chini napata kijiposho cha chumba tu. Tafadhali mwambie Maalim Mabrouk apumzike.

Nakutania, lakini hali si ya mchezo. Mimi ni rubani wa pili. Rubani mkubwa ana mshahara, mimi nina sare. Ndege ikitua, mimi ndiye ninayepakua mizigo ya abiria, na jioni naiosha ndege kwa ndoo na kitambaa. Juzi mama mmoja wa Bukoba alinishukuru kwa kumbebea kuku wake, kisha akaniuliza rubani yuko wapi ampe mkono. Wenzangu walionitangulia wananiambia nivumilie, nikishakuwa na saa nyingi mambo yatageuka. Wao wanazo saa nyingi na bado tunakopeshana sabuni.

Kinachoniuma ni kuwa nikiwa kule juu naipenda kazi hii. Lakini siwezi kumlisha mke nayo, na siku nyengine sijilishi mwenyewe. Mkataba unamalizika Disemba. Je, Mwalimu Mkadam bado anatafuta mwalimu wa hesabu kwenye skuli yake ya Paje?

Mwanao,
Simai


Mkunazini
25 Juni 1971

Mwanangu,

Salamu nyingi. Wewe hujambo? Mimi tangu ilipofika barua yako sijambo ya kusema tu. Nilianguka mferejini nikiteka maji, wakanibeba. Daktari kanipima, kasema ni presha, nisifikiri sana. Nisifikiri vipi na wewe hujala? Kila nikipakua chakula mkono unasita.

Hata hivyo nilipopata nguvu nilikwenda Paje kwa gari la shamba. Mkadam kafurahi. Kasema, "Ntamwekea nafasi mpaka mwisho wa Oktoba. Skuli ikifunguliwa Januari anaanza." Mzee Gharib naye kafurahi kushinda ile siku ya picha. Kasema mwalimu angalau analala kwake.

Shemsa alikuja kuniomba chumvi, na kwao chumvi tele. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama unakula. Nikamwambia unakula. Niandikie upesi, nisije nikawa nimemdanganya mtoto wa watu.

Shangazi yako,
Mwamvua


Mwanza
18 Julai 1971

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole sana. Umenitisha. Meza dawa kama daktari alivyosema, na ndoo ya maji waachie watoto wa Bi Tabia.

Mimi mzima, nakula, tena vizuri. Kiangazi kimeingia, tunaruka kila siku na rubani mkubwa ananisifu. Suruali za sare zimeanza kunibana. Usijitie mashaka tena kwa ajili yangu, mambo yamefunguka. Shemsa mpe salamu, na chumvi.

Mwanao,
Simai


Mkunazini
1 Novemba 1971

Mwanangu Simai,

Ramadhani njema. Funga inakwendaje huko? Nisamehe kwa kukaa kimya, kofia za Idi zimenizidi. Lakini tangu ile barua yako nalala usiku mzima, na presha imeshuka mpaka daktari kastaajabu.

Mkadam alikuja mjini wiki iliyopita kutaka neno la mwisho. Nikamwambia, na nakiri nilijivuna kidogo, "Mwanangu mambo yamemfungukia. Nafasi hiyo mpe mwenye shida." Kampa Usi, yule kijana wa Fumba aliyemaliza chuo cha ualimu. Mzee Gharib nimempa habari hizo hizo. Kasema vyema, baada ya Idi uje na mahari, na useme mkeo utamweka wapi huko Mwanza.

Nimeshaanza kukushonea kofia ya arusi.

Shangazi yako,
Mwamvua


Mwanza
11 Novemba 1971

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia mbio kabla ya futari, nisamehe kwa mwandiko.

Barua yangu ya Julai ilikuwa uongo. Suruali hazinibani, nazifunga kwa kamba. Niliandika vile ili presha yako ishuke. Sikuwaza kabisa kuwa utamwambia Mkadam. Mimi huku nilidhani barua yangu ya Juni imetosha kuwa jibu kwake na nafasi yangu ipo, nikawa nasubiri Disemba tu. Wiki iliyopita nimemwambia meneja kuwa sirefushi mkataba.

Nenda kwa Mkadam, Shangazi. Nenda ukiipata barua hii. Mwambie nitafundisha hata darasa la kwanza, hata kama si hesabu.

Mwanao,
Simai


Mkunazini
29 Novemba 1971

Mwanangu,

Idi mubarak, ingawa imepita. Nakuuliza hali na naogopa jibu.

Nilikwenda Paje siku ile ile barua yako ilipofika, na swaumu yangu. Usi keshatia saini na jina lake limeshapelekwa wizarani. Mkadam aliinamisha kichwa akasema, "Bi Mwamvua, si wewe mwenyewe ulonambia?" Ni kweli, ni mimi. Kwa mdomo wangu, tena nikicheka.

Kwa Mzee Gharib nimekwenda mwenyewe kabla watu hawajanitangulia. Kaniuliza, "Sasa ana kazi gani?" Nilikaa pale kibarazani kwake mpaka nikaona haya.

Nimekufungia mlango, mwanangu. Sijui nifanye nini.

Shangazi yako,
Mwamvua


Mwanza
4 Januari 1972

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na safari hii ni mzima kweli, nimechoka tu.

Nimemrudia meneja. Alinisimamisha nje asubuhi nzima, kisha akanichukua tena kwa malipo madogo kuliko ya mwanzo. Kasema nafasi yangu wanaoitaka ni wengi, na kweli wapo. Kuna vijana wawili wapya kutoka chuo cha urubani walio tayari kuruka bila malipo, wapate saa. Nimetia saini miaka miwili.

Mwambie Mzee Gharib ukweli wote. Na Shemsa mwambie... La, usimwambie kitu. Wewe nawe usijilaumu. Sote wawili tulikuwa tunatunzana.

Mwanao,
Simai


Mkunazini
9 Februari 1972

Mwanangu Simai,

Asalaam aleikum. Nakuandikia mimi, usije ukasikia kwa wapita njia.

Shemsa kaolewa Jumamosi. Kaolewa na Usi. Posa ililetwa Januari, na Mzee Gharib hakukawia kujibu. Siku chache kabla ya arusi Shemsa alikuja kwangu, akakaa jikoni, akanisaidia kuchambua mchele mpaka ukaisha.

Arusini nilikwenda, ningekosa wangesema. Mchana, tukipakua pilau, hiyo kidogo iliyopatikana, ndege ikapita juu. Bi Tabia akapiga kigelegele. "Mwanao huyo, Bi Mwamvua! Kaja kuwatazama maharusi!" Watoto wakatoka nje wakawa wanapunga mikono. Nilijua fika kuwa uko Mwanza na ndege zenu hazifiki huku. Nikasema, "Naam, ndiye." Kisha nikaingia ndani nikalia, mpaka wakaja kunigongea mlango.

Sina cha kukutumia. Macho yamekuwa mabaya, kofia moja sasa inanichukua mwezi, na sina tena mtu wa kumwendea kwa ajili yako. Lakini usinifiche. Ukilala na njaa, Simai, niandikie kuwa umelala na njaa.

Shangazi yako,
Mwamvua