Mkimbizi Mwenye Kaptura ya Maua

Mafubira, Jinja
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute kwenye kiti chako cha kamba, na Zaina amevaa miwani tayari kukusomea. Dada yangu Zaina, soma polepole, na usiruke mahali unapofikiri mama ataumia moyo, maana ataijua sauti yako ikibadilika. Mama, kifua kimepoa? Na magoti yako yanayotangaza mvua ya mlima Wanale kabla mawingu hayajatokeza, bado yanatabiri? Huku tu wazima, uzima wa kujikokota. Wajukuu zako walipokezana homa, mmoja akiinuka mwingine analala, na mkweo Hadija amebaki macho mekundu kwa kukesha. Sasa wote wamerudi shule, alhamdulillahi.

Mimi nimechoka, mama. Sisemi uchovu wa kulala ukaisha. Kazi ipo, hilo tumshukuru Mungu. Miaka ile nilikuwa nashona viraka juu ya viraka, na sasa watu wanataka sare mpya za watoto, hata mapazia. Umeme huja ukipenda, lakini cherehani yangu ni ya miguu, haiujali. Nakanyaga tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana jambo la mguu wangu wa kulia limenisumbua, na ndiyo sababu ya barua hii. Linahusu ile ahadi niliyokupa, kwamba katika mbio za mji huko Mbale baada ya Idi nitapita nikikimbia mbele ya lango lenu la Nkoma, wewe ukiwa umekaa nje unanitazama.

Nianze mwanzo, maana sikukueleza yote.

Nilianza kukimbia kwa ajili ya mgongo. Mtu akikaa kwenye cherehani kutwa, mgongo hukauka kama ngozi iliyosahauliwa juani. Usingizi nao ulikuwa umenikimbia tangu nirudi kutoka Bungoma, upande wa Kenya. Nikasema nitakimbia kidogo asubuhi, nitoke jasho, labda nitalala. Basi asubuhi ya kwanza nikatoka na suruali yangu ya kazini na shati, nikashika njia ya sokoni. Kuna mama mmoja pale kona anakaanga mandazi, mjane, jina lake Mama Sauda. Aliniona nakuja mbio. Hakuuliza. Akasema neno moja tu la Kiganda, "Bazze", yaani wamekuja, neno la siku za vita, akaacha karai motoni, akanyakua mjukuu, akaingia kwenye mihogo. Jirani yake akamfuata. Mwenye duka akateremsha mbao. Mimi nikageuka kutazama, nikaona watu wanakimbia nyuma yangu, na unajua nilifanya nini, mama? Nikaongeza mbio. Nilikuja kusimama karibu na barabara kuu, nahema, sijui namkimbia nani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtaa mzima wa kwetu ulishaumwa.

Mwenyekiti wa mtaa aliniita jioni. Mandazi ya Mama Sauda yalikuwa yameungua yote, nami niliyanunua hivyo hivyo na wajukuu zako waliyala wakikwaruza masizi kwa kijiko. Mwenyekiti akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wewe bwana, hapa watu nimekimbia ya kutosha. Kama nataka kukimbia, kimbia na nguo ya kuonekana. Mtu ajue hii ni mchezo."

Nikaenda nyumbani nikatafuta kitambaa. Kulikuwa na kipande kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, cha maua makubwa mekundu na majani. Nikajishonea kaptura, nikaishusha chini ya magoti ili nisiaibishe dini. Hadija alicheka mpaka akakaa chini, na kwa kweli nilikuwa sijausikia mlio ule wa kicheko chake kwa muda mrefu. Tangu siku ile hakuna aliyeingia kwenye mihogo. Nikipita nasema tu, "Habari za asubuhi, ni mazoezi," na Mama Sauda anajibu, "Pita, Maua." Ndilo jina langu huku.

Sasa lipo lingine, na hapa Zaina usishushe sauti. Ninakimbia na askari. Si mwanajeshi, mama, ni askari wa magereza, mtu wa kaskazini, Mkristo, jina lake Opio. Nilijua ukisikia neno askari utasukuma chai pembeni. Alikuja kibandani kwangu kupunguza suruali, akaona kaptura imeanikwa.

"Fundi, hii ya mama?"

"Yangu, Afande. Ya mazoezi."

"Wewe nakimbia? Nani nafundisha wewe?"

Nikamwambia hakuna. Akacheka, akasema kesho nije kwenye uwanja wao wa nyasi. Nilikaa siku kadhaa bila kwenda. Kiswahili kile cha kambini ndicho nilichokisikia kwa wanajeshi wakati wa vita, ingawa yeye alikuwa anasema maneno ya kawaida. Mwishowe nikaenda. Ni mtu wa makamo kama mimi, goti lake la kushoto limevimba daima, na anajua mbio. Alinifundisha nisianze kwa kasi, nitembee kwanza hadi mwili upate joto. Nikimbie leo, kesho nipumzike. "Kama naweza kuongea na mimi, mwendo ni nzuri. Kama naongea hapana, punguza." Na akanionya nisiongeze urefu wa njia kama wachuuzi wanavyoongeza bei. Kidogo, kisha ungoje mwili ukubali.

Siku moja alinitambulisha kwa wenzake kantini. Alitaka kusema mkimbiaji, lakini Kiswahili chake kina njia zake. Akaniwekea mkono begani, akasema kwa fahari, "Huyu rafiki yangu ni mkimbizi kabisa. Mkimbizi nguvu." Wale askari wakaweka vijiko chini. Wakanitazama nilivyokonda, na kaptura yangu ya pazia. Mmoja akainuka, akarudi na sahani ya posho, ule ugali wa kambini, na maharage, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Mwingine akaniuliza kama watoto wangu wana blanketi. Mimi niliyejifunza Kiswahili sawasawa kule Bungoma, ningeweza kumsahihisha Opio kwa neno moja. Sikumsahihisha. Neno lile nilikuwa nimelibeba miaka, na hakuna mtu aliyekuwa ameniletea sahani kwa ajili yake. Nilikula yote, mama. Maharage yalikuwa na chumvi nyingi.

Nikapata nguvu. Usingizi ukarudi, si kila siku, lakini ukarudi. Ndipo habari za mbio za Mbale zikafika, kwamba njia itapita Nkoma, nami nikakuandikia kwa furaha. Hukunijibu kwa methali zako za kawaida. Nilitegemea uniambie mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zaina aliandika tu kwamba umesema utakaa langoni na kiti.

Nadhani tunajua sote wawili kwa nini. Siku ile wanajeshi walipoingia mtaani kwetu kwa zamani, kule Industrial, ulinisukuma kwa mlango wa nyuma ukasema, "Kimbia, usigeuke." Sikugeuka. Niliporudi vita vilipokwisha, ulinishika uso kwa mikono yako ukaniambia kwamba miaka yote ile ukifumba macho unaona mgongo wangu tu, na shati lile la mistari, na kwamba uso wangu ulikuwa unaanza kukupotea. Kwa hiyo nilipokuahidi mbio, sikuwa nautaka ushindi. Nilitaka unione nikikimbia tena, safari hii uuone uso unakuja. Basi.

Tamaa hiyo ndiyo iliyoniponza. Siku za kupumzika nikaacha kupumzika. Opio akidhani nimelala, mimi nipo kwenye lami ya Bugembe, peke yangu, natafuta pumzi ya kupanda ule mlima wa Nkoma bila kusimama. Na viatu vyangu ni vya mtumba. Vilionekana vizuri juu, lakini mwenye navyo wa kwanza, huko Ulaya alikokuwa, alikuwa akikanyagia upande wa nje, na soli imelika upande huo. Mimi ni fundi, najua koti la mtu hubaki na mabega yake hata likiuzwa. Sikuwaza kwamba kiatu nacho hubaki na mwendo wa mtu. Nikawa nakimbia na miguu ya mzungu nisiyemjua.

Maumivu yakaanza kwenye muundi, mbele, chini ya goti. Mwanzo yalikuwa yakija nikianza na kuondoka nikipata joto, nikayadharau. Halafu yakawa hayaondoki. Halafu nikaanza kuyasikia kwenye cherehani, kila nikikanyaga. Hadija akaniona nakanyaga kwa mguu mmoja, akanipeleka zahanati mwenyewe, amenishika mkono njiani kama anayerudisha mbuzi.

Nesi alipitisha kidole juu ya mfupa polepole, kisha akabonyeza mahali pamoja, nikaruka. Akasema maumivu yakitanda mguu mzima huwa ni nyama, lakini yakikaa mahali pa kidole kimoja, ni mfupa umechoka. Akasema ni kama chungu kilichoanza ufa: bado kinapika, lakini ukikirudisha kwenye moto mkali kitapasuka. Nisikimbie mpaka nibonyeze hapo nisisikie kitu. Nitembee, hilo ruhusa. Nikamuuliza kuhusu mbio za baada ya Idi. Akaangalia kaptura yangu, niliyoivaa ili auone mguu, akamwangalia Hadija, akasema, "Baba, wewe ni fundi wa cherehani ya miguu, si ndiyo?"

Mama, nilikasirika. Nilitoka pale nimeshaamua kwamba nitafunga kitambaa na kukimbia tu. Niliona ningekuwa nakunyima kitu ambacho umekingoja kuliko mimi. Nikaenda kumwambia Opio, nikidhani mtu wa nidhamu za kambini ataniambia nikaze meno. Alikuwa amekaa ukingoni mwa uwanja, amelowesha goti lake kwa maji ya chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema goti lile alilipata zamani jeshini, kabla hajahamia magereza. Liliuma, na ilikuwa marufuku kusimama.

"Ile wakati kusimama ni kufa," akasema. "Sawa. Mtu nakimbia na mguu mbovu. Lakini sasa, Rama, nani nakimbiza wewe?"

Nilitaka kumjibu. Nikatazama barabara, Mama Sauda alikuwa anapita na beseni lake kichwani, anaongea na mwenzake, hana haraka. Nikakaa kando ya Opio nikalia kidogo, naye akaendelea kulowesha goti lake bila kunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo sitakimbia, mama. Nisamehe. Nimezungumza na cherehani pia: nakanyaga kwa mguu wa kushoto, kazi inakwenda polepole na wateja wananung'unika, lakini inakwenda. Viatu vya mzungu nimempa mtu wa kupanda maua, ametoboa soli na kuvitia udongo na miche. Nikipona nitaanza tena na nyasi, kidogo kidogo. Bado nachoka, na kutokimbia kunanichosha zaidi. Zile siku mbaya zinachungulia tena. Hadija ananitoa asubuhi tutembee naye mpaka kona na kurudi, amenishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata tukiwa wachumba.

Nisalimie shemeji, mume wa Zaina, umwambie suruali yake ya Idi iko tayari, na kama kitambi kimeongezeka aseme mapema. Nisalimie Mjomba Muhamadi wa duka la chumvi, aache kuwaambia watu kwamba mimi ni mwanariadha. Shangazi aliyenificha kwenye ghala la kahawa njiani nilipokimbilia Bungoma, mwambie kila Ijumaa namwombea. Wajukuu wanakubusu mikono. Opio naye anaomba kuja kukusalimu siku hiyo ya mbio, bila magwanda, na shati la kawaida nililomshonea mwenyewe. Ukikataa nitaelewa, na yeye ameshaniambia ataelewa.

Kiti usikiondoe langoni. Watakuja kwanza vijana, wengi, wakikimbia kwa kishindo. Ukisikia miguu yao moyo utakurukia, nakujua. Usiingie ndani, usifunge lango, ni mazoezi tu. Waache wapite wote, vumbi litulie. Nyuma yao kabisa utamwona mtu mmoja anayetembea, amevaa kaptura ya maua. Uliniambia nisigeuke, nami nilikutii. Sasa nimegeuka, mama. Utauona uso wangu tangu mbali, na kwa mwendo nilio nao, utapata muda wa kuutazama vizuri.

Mwanao, anayekuja kwa kutembea,
Ramadhani